Bodi za leseni za wataalamu wa matamshi na usikivu nchini Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa aliyezoea Afrika Mashariki, ambako baraza la taaluma ni la taifa zima, mpangilio wa Marekani huchanganya mwanzoni. Hakuna leseni ya nchi nzima ya kutibu matamshi au kupima usikivu. Kila jimbo lina sheria yake, mamlaka yake na fomu zake. Mfano wetu mkuu hapa ni California, kwa sababu bodi yake inabeba taaluma tatu kwa pamoja na karibu kila swali la uongozi hujitokeza humo. Majimbo mengine tunayataja pale yanapotofautiana.

Bodi ya leseni ni chombo cha nani?

Ni chombo cha serikali ya jimbo. Huundwa na sheria ya bunge la jimbo, na haiwezi kufanya lolote ambalo sheria hiyo haikuipa. Haki ya jimbo kudai leseni kwa anayetibu watu ilithibitishwa na Mahakama ya Juu ya Marekani tangu mwaka 1889, katika shauri la Dent dhidi ya West Virginia.

Bodi hupima sifa za waombaji, hutoa na kuhuisha leseni, hutunga kanuni, huchunguza malalamiko na hutoa adhabu. Sheria ya California inasema waziwazi kwamba kumlinda mwananchi ndiko kunakotangulia, na kukigongana na maslahi mengine, mengine yanasubiri. Wataalamu wengi huipigia bodi simu wakitaka iwatetee kuhusu mishahara au wingi wa wagonjwa wanaopangiwa. Hiyo ni kazi ya chama cha taaluma au cha wafanyakazi. Bodi ipo kwa ajili ya mtoto ambaye bado hajasema na mzee anayelipa maelfu ya dola ili asikie sauti za wajukuu wake.

Kwani ASHA siyo inayotoa leseni?

Hapana. ASHA ni chama cha kitaifa cha wataalamu wa matamshi, lugha na usikivu, kilichoanzishwa mwaka 1925. Hutoa cheti cha umahiri ambacho waajiri wengi hukitaka na majimbo mengi hukikubali kama ushahidi wa sifa. Lakini cheti si leseni. Ukiwa na cheti bila leseni ya jimbo, ukimtibu mgonjwa katika kliniki umevunja sheria. ASHA ikikuvua cheti, leseni haifutiki yenyewe, na bodi ikifuta leseni, ASHA ina utaratibu wake wa kuamua kuhusu cheti. Hizo ni ofisi mbili, na kila moja ina faili lake.

Je, kila jimbo lina bodi inayojitegemea?

La. Hapo ndipo wengi hupotea, maana neno "bodi" hutumika kwa vyombo vyenye nguvu tofauti kabisa.

North Carolina ina bodi inayojiendesha yenyewe, na wauzaji wa visaidizi vya kusikia wana bodi yao nyingine kando. California ina bodi yenye uamuzi wa mwisho katika kanuni na nidhamu, ila imekaa ndani ya Idara ya Masuala ya Walaji, inayoipa huduma za wanasheria, kompyuta na wapelelezi. New York imeweka leseni chini ya Idara ya Elimu: bodi ya taaluma hushauri na kusaidia, lakini kauli ya mwisho ni ya Bodi ya Regents, ambao huchaguliwa na bunge la jimbo. Texas ilikuwa na bodi kamili hadi bunge lilipopitisha mswada wa SB 202 mwaka 2015. Tarehe 3 Oktoba 2016 kazi zote zilihamia katika idara kuu ya leseni ya jimbo. Siku hizi kuna bodi ya ushauri yenye wajumbe 9, yaani wataalamu 3 wa matamshi, 3 wa usikivu na 3 wa umma, lakini kanuni hupitishwa na tume ya watu 7 wanaoteuliwa na gavana. Colorado haina bodi kabisa kwa taaluma hizi: anayeamua ni mkurugenzi mmoja wa serikali.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika barua yoyote, tafuta jambo moja: nani ana sahihi ya mwisho? Ombi zuri la kubadilisha kanuni likipelekwa kwa bodi ya ushauri litasikilizwa kwa adabu, lakini bodi hiyo haina uwezo wa kulipitisha.

Nani hasa wanakaa kwenye bodi ya California?

Wajumbe ni 9. Wataalamu wa matamshi na lugha ni 2. Wataalamu wa usikivu ni 2, na mmoja wao lazima awe anayeuza visaidizi vya kusikia. Wauzaji wa visaidizi vya kusikia (shimesikio, kama wengi wanavyoviita Tanzania) ambao si wataalamu wa usikivu ni 2. Waliobaki 3 wanahesabiwa kuwa wa umma, ila mmoja kati yao lazima awe daktari bingwa wa masikio, pua na koo.

Gavana huteua wenye leseni wote 6 pamoja na daktari huyo. Wajumbe wawili wa umma waliobaki huteuliwa na bunge, mmoja na Kamati ya Kanuni ya Seneti, mwingine na Spika wa Baraza la Wawakilishi wa jimbo. Mamlaka hayo yamegawanywa makusudi, ili gavana asiwe na mkono katika kila kiti.

Muundo huu ulianza tarehe 1 Januari 2010, pale bodi ya matamshi na usikivu ilipounganishwa na ofisi iliyokuwa ikisimamia wauzaji wa visaidizi. Mtaalamu wa usikivu mwenye shahada ya udaktari wa taaluma hiyo na muuzaji aliyepita kwa mtihani bila shahada hiyo wanagombea wateja walewale, na sasa wanapigia kura kanuni zinazowahusu wote wawili. Tunaona kuunganisha kulikuwa sawa kwa mgonjwa, kwani mlango wa malalamiko umekuwa mmoja. Ila kunamtaka mwenyekiti anayejua kusema: mjumbe, jambo hili linagusa biashara yako, tafadhali toka nje.

Mjumbe wa umma anafanya nini kama hajui taaluma?

Anauliza maswali ambayo wataalamu wamezoea kutoyauliza. Kwa nini ada hii? Kwa nini mgonjwa asiambiwe bei kabla? Sheria ya California inamkataza kuwa na leseni ya bodi hiyo, na pia kuwa mwajiri wa wenye leseni hizo au kuwa na biashara nao ya kiwango fulani, sasa au katika miaka 5 iliyopita. Daktari wa masikio kuhesabiwa wa umma ni jambo linalojadilika, maana naye hupokea wagonjwa haohao na wengine wana wataalamu wa usikivu katika kliniki zao.

Wajumbe hukaa kwa muda gani, na wanalipwa?

Kipindi ni miaka 4, na mtu hawezi kupita vipindi viwili mfululizo. Kipindi kikiisha kabla mrithi hajateuliwa, anaweza kuendelea kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Baada ya hapo kiti kinabaki wazi. Hakuna mshahara. Kuna posho ya dola 100 kwa siku ya kazi na kurudishiwa gharama za safari.

Nani anaendesha ofisi kila siku?

Ofisa mtendaji, ambaye huajiriwa na bodi kwa idhini ya mkurugenzi wa Idara ya Masuala ya Walaji. Yeye ndiye mkuu wa watumishi wanaopokea maombi, kujibu simu na kuandaa mafaili ya malalamiko. Mjumbe wa bodi hana ruhusa ya kumwamuru karani aharakishe faili la rafiki yake. Faili lako likikwama, andika kwa ofisi, taja namba ya ombi na tarehe kila hati ilipotumwa. Usimtafute mjumbe kwa simu yake binafsi, kwa sababu tutakazoeleza katika sehemu ya nidhamu.

Fedha zinatoka wapi?

Kutoka kwa wenye leseni wenyewe: ada za maombi, za kuhuisha, za mitihani ya wauzaji, na faini. Kodi ya jumla haiingii. Ada zina ukomo katika sheria, na kuzipandisha huhitaji kanuni mpya au mswada. Bodi ndogo ina udhaifu hapo: ofisi ya Mwanasheria Mkuu huitoza kwa saa kwa kila shauri la nidhamu, na mashauri mawili matatu mazito yanaweza kula bajeti iliyopangwa kwa mwaka mzima. Ukisikia bodi inazungumzia kupandisha ada, fungua taarifa ya fedha iliyo kwenye makabrasha ya mkutano, uangalie akiba imebaki ya miezi mingapi.

Mikutano iko wazi? Naweza kusema?

Ndiyo, kwa yote mawili. Sheria ya mikutano ya wazi ya California, iitwayo Bagley-Keene, ilipitishwa mwaka 1967. Inataka ajenda itangazwe angalau siku 10 kabla, ikitaja kila jambo litakalojadiliwa. Bodi haiwezi kuchukua hatua juu ya jambo ambalo halimo kwenye ajenda.

Mambo matatu huharibika mara nyingi. La kwanza ni akidi. Wanahitajika zaidi ya nusu ya viti, yaani 5 kati ya 9. Viti viwili vikiwa wazi, mmoja akiugua na mwingine akijitoa kwa mgongano wa maslahi, mko ukingoni. Akiondoka mmoja tu tena kuwahi ndege, kura zinasimama. La pili ni barua pepe. Mjumbe akimwandikia mwenzake, naye akampelekea wa tatu, hadi wengi wa wajumbe wamezungumzia jambo nje ya mkutano, hilo ni mkutano wa siri hata kama hawakukaa chumba kimoja. Kitufe cha "jibu wote" kimeingiza bodi nyingi matatani. La tatu ni maoni ya wananchi juu ya jambo lisilo kwenye ajenda. Utasikilizwa, lakini hutajibiwa siku hiyo, na watu huondoka wakidhani wamedharauliwa. Bodi inachoweza ni kuamua kama jambo lako liwekwe kwenye ajenda ya mkutano ujao. Basi liombe hilo waziwazi, kwa maneno hayohayo.

Kamati za ushauri zenye watu 2 tu hazibanwi na sheria hii kwa namna ileile, ndiyo maana utaziona nyingi. Zikishamaliza kazi, mapendekezo yao lazima yaje mbele ya bodi nzima hadharani.

Vikao vya faragha huruhusiwa kwa mambo machache: kujadili uamuzi wa nidhamu, kesi zilizoko mahakamani, na utendaji wa ofisa mtendaji. Ajenda lazima iseme kwamba kuna kikao cha faragha na kwa kifungu kipi.

Kanuni mpya inatungwaje?

Polepole. Bodi hupigia kura rasimu katika mkutano wa wazi. Rasimu hupita kwa wanasheria wa Idara na kwa mkurugenzi. Kisha hutangazwa pamoja na maelezo ya sababu zake, na wananchi hupewa siku 45 za kutoa maoni kwa maandishi. Bodi ikibadilisha maneno kutokana na maoni hayo, hutoa siku 15 nyingine. Kila hoja lazima ijibiwe kwa maandishi. Faili kamili hupelekwa Ofisi ya Sheria za Kiutawala, ambayo ina siku 30 za kazi kuangalia mambo sita: kama bodi ina mamlaka, imetaja sheria sahihi, haipingani na sheria nyingine, inaeleweka, hairudii yaliyokwisha kusemwa kwingine, na inahitajika. Kutoka siku ya tangazo hadi kuwasilisha faili, muda ni mwaka mmoja. Ukipita, kazi inaanza upya.

Mara nyingi faili hurudishwa kwa kosa la kueleweka: neno kama "uzoefu wa kutosha" bila kusema ni saa ngapi. Ukitaka maoni yako yawe na uzito, acha kuandika "napinga". Taja kifungu na mstari, eleza nani ataumia na kwa namna gani, kisha pendekeza maneno mbadala. Maoni ya aina hiyo bodi inalazimika kuyajibu hoja kwa hoja.

Kwa nini kila mtu anataja kesi ya madaktari wa meno wa North Carolina?

Kwa sababu ilibadilisha hesabu kwa bodi zote. Bodi ya madaktari wa meno ya jimbo hilo ilikuwa na wajumbe 8, na 6 kati yao walikuwa madaktari wa meno wanaofanya kazi, waliochaguliwa na wenzao. Bodi ilituma barua zisizopungua 47 ikiwaamuru watu wasio madaktari waache kung'arisha meno kwa bei nafuu. Tarehe 25 Februari 2015 Mahakama ya Juu iliamua, kwa kura 6 dhidi ya 3, kwamba bodi inayotawaliwa na watu walio sokoni hailindwi dhidi ya sheria za ushindani, isipokuwa jimbo lenyewe linaisimamia kwa vitendo. Msimamizi huyo lazima apitie uamuzi wenyewe na awe na uwezo wa kuukataa. Kuangalia tu kama utaratibu ulifuatwa hakutoshi.

Sasa itazame bodi ya matamshi na usikivu: wenye leseni ni 6 kati ya 9. Ikimwandikia mtu asiye na leseni kumwamuru aache kuuza kifaa fulani, swali la kwanza ni nani juu yake ameliangalia jambo hilo. Ndiyo sababu barua za amri huandikwa siku hizi kwa uangalifu zaidi, na wanasheria huwashauri wajumbe waelekeze migogoro ya mipaka ya taaluma kwenye kanuni au mahakamani badala ya barua.

Mapitio ya ukomo ni nini?

Bodi nyingi hazina uhai wa milele. Sheria huweka tarehe ambayo bodi itakufa isipoongezewa muda. Colorado ilianza utaratibu huu mwaka 1976, na majimbo mengi yakafuata. California hutumia kamati za pamoja za bunge: bodi huandika ripoti ndefu juu ya fedha, muda wa kushughulikia maombi na malalamiko, wabunge huuliza maswali hadharani, kisha mswada hupitishwa kuongeza muda, mara nyingi ukiwa na masharti. Mwananchi aliyesubiri leseni miezi mingi ana nafasi yake hapo, na barua yake huingia kwenye kumbukumbu za bunge.

Nina malalamiko. Nianzie wapi?

Anza kwa kujua mtu huyo ana leseni ya nani. Mtaalamu wa matamshi anayefanya kazi katika shule ya umma ya California anaweza kuwa na kibali cha Tume ya Vibali vya Ualimu badala ya leseni ya bodi. Mzazi akiilalamikia bodi kuhusu mtu huyo, faili litarudishwa baada ya wiki kadhaa kwa kukosa mamlaka. Na kama tatizo ni dakika za tiba zilizoandikwa kwenye mpango wa elimu wa mtoto lakini hazikutolewa, hilo ni la wilaya ya shule na Idara ya Elimu ya jimbo.

Kuangalia leseni ni bure mtandaoni. Soma mistari minne: jina kamili, aina ya leseni, tarehe ya kuisha, na sehemu ya hatua za nidhamu. Leseni iliyopita tarehe bila kuhuishwa hairuhusu kutibu, hata kama mwenyewe anasema ameshalipa. Ukiona kuna hatua ya nidhamu, fungua hati yenyewe, kwa kuwa tofauti kati ya faini ya kuchelewesha karatasi na kumdhuru mgonjwa ni kubwa.

Malalamiko yenye nguvu yana tarehe, mahali, kilichosemwa, kilichofanywa, na nakala za hati. Tuma nakala, asili ubaki nazo. Saini fomu ya kuruhusu bodi ichukue kumbukumbu za matibabu. Kwa mtoto, mzazi au mlezi wa kisheria ndiye husaini. Fomu hiyo ikikosekana, mpelelezi hana pa kuanzia. Malalamiko yasiyo na jina hupokelewa, lakini mengi hufia njiani kwa kukosa shahidi.

Kwa visaidizi vya kusikia, hesabu siku. California inampa mnunuzi siku 45 tangu alipokabidhiwa kifaa kukirudisha kama hakikumfaa. Ukikabidhiwa tarehe 3 Machi, siku ya 45 ni tarehe 17 Aprili. Wengine huambiwa "tukurekebishie kwanza, urudi baada ya miezi miwili". Rudisha ndani ya muda kwa maandishi, pata risiti yenye tarehe, marekebisho yatafuata baadaye. Kama kifaa kilikaa dukani kwa matengenezo, omba karatasi inayoonyesha siku kilipoingia na kilipotoka.

Baada ya hapo nini hutokea?

Ofisi hupima kama jambo liko chini ya mamlaka yake, kisha hukusanya kumbukumbu na kumwomba mtaalamu huru atoe maoni. Makosa madogo humalizwa kwa barua ya onyo au hati ya faini, ambayo kwa kawaida haizidi dola 5,000. Mazito hupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu, ambaye huandaa hati ya mashtaka kwa niaba ya ofisa mtendaji.

Mwenye leseni ana siku chache tu za kujibu kwamba anataka kusikilizwa. Hapa ndipo watu wema hupoteza leseni: barua imetumwa kwa anwani ya zamani waliyosahau kuibadilisha, muda umepita, na uamuzi umetolewa bila wao. Kubadilisha anwani ni jambo la dakika tano. Lifanye wiki unayohama.

Akijibu, shauri husikilizwa na jaji wa masuala ya utawala, ambaye hayuko chini ya bodi. Ushahidi wa kumvua mtu leseni ya taaluma lazima uwe wazi na wa kushawishi, kiwango cha juu kuliko cha kesi ya kawaida ya madai. Jaji huandika uamuzi wa kupendekeza, na bodi ina siku 100 kuukubali, kupunguza adhabu, au kuukataa na kusoma kumbukumbu yote yenyewe. Siku 100 zikipita kimya, uamuzi wa jaji unakuwa wa bodi.

Katika hatua hiyo wajumbe ni waamuzi. Ndiyo maana hawatakiwi kuzungumza na upande wowote. Ukimwandikia mjumbe kumweleza "ukweli wako", unaweza kumlazimisha ajitoe, na huenda ukampoteza mtu ambaye angekuelewa.

Adhabu huanzia karipio la hadharani, hupitia kusimamishwa na kuwekwa chini ya uangalizi kwa masharti, na kilele chake ni kufutwa. Anayeshindwa anaweza kuamriwa alipe gharama za uchunguzi. Asiyeridhika huiomba mahakama ya jimbo iupitie uamuzi, na hapo pia siku zinahesabiwa.

Akihamia jimbo lingine, rekodi inafutika?

Haifutiki. Bodi hutakiwa kuripoti hatua za nidhamu kwa hifadhidata ya taifa ya watoa huduma za afya ndani ya siku 30, na jimbo jipya linaweza kuiangalia.

Ombi la leseni hukwama wapi?

Zaidi ya yote, kwenye mwaka wa kazi chini ya msimamizi. California huhesabu wiki 36 kwa anayefanya saa 30 au zaidi kwa wiki, au wiki 72 kwa nusu muda. ASHA nayo inataka wiki 36 na jumla ya saa 1,260. Fanya hesabu: saa 30 mara wiki 36 ni 1,080. Umetimiza ya jimbo, lakini kwa cheti bado unadaiwa saa 180. Tumeona watu wakigundua hili wakati msimamizi ameshahama. Panga ratiba kwa kipimo kikubwa tangu wiki ya kwanza.

Pia, saa ulizofanya kabla bodi haijatoa leseni ya muda ya mafunzo hazihesabiwi, hata kama msimamizi yuko tayari kusaini.

Nimesomea nje ya Marekani. Nina nafasi?

Unayo, kwa karatasi nyingi zaidi. Utahitaji tathmini ya shahada na taasisi inayokubaliwa na bodi ya jimbo unalolenga, matokeo ya Praxis (mtihani wa kitaifa wa taaluma hii), na ushahidi wa saa za mazoezi ya kliniki zilizosimamiwa. Kwa cheti cha ASHA, wahitimu wa matamshi na lugha hudaiwa saa 400, kati yake 25 za kutazama. Anza na chuo chako cha nyumbani: omba wakuandikie saa kwa kila eneo, watoto na watu wazima, kigugumizi, umezaji, lugha, kwa barua yenye muhuri. Kuipata baada ya miaka kumi, msimamizi akiwa amestaafu, ni kazi ngumu sana.

Makubaliano ya kutambuana ya ASHA yanahusu vyama vya Australia, Canada, Ireland, New Zealand na Uingereza. Aliyesomea Kenya, Uganda au Tanzania hapiti njia hiyo. Kuhusu namba ya hifadhi ya jamii, bodi zilizo chini ya Idara ya California hupokea pia namba ya mlipakodi binafsi, na hazimnyimi mtu leseni kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji peke yake. Leseni, hata hivyo, si kibali cha kazi.

Mkataba kati ya majimbo unabadilisha nini?

Unampa mwenye leseni safi ya jimbo analoishi ruhusa ya kutibu katika jimbo mwanachama jingine bila kuomba leseni nzima upya. Mkataba ulianza kuwa na nguvu baada ya kufikisha majimbo 10, mwaka 2021. Unaongozwa na tume ambayo kila jimbo hupeleka wajumbe 2 kutoka bodi yake, mmoja wa matamshi na mmoja wa usikivu. Huongezwa wengine 5 ambao ni wajumbe wa umma au watendaji wa bodi.

Sheria inayotumika ni ya mahali alipo mgonjwa. Ukimtibu kwa video mtoto aliye jimbo jingine, wewe uko chini ya sheria za kwake. Jimbo hilo linaweza kukunyang'anya ruhusa yake. Leseni yenyewe huguswa na jimbo lako la nyumbani tu. Wasaidizi wa tiba hawamo katika mkataba huu.

Visaidizi vinavyouzwa dukani bila kipimo viko chini ya bodi?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Kanuni ya shirikisho iliyoanza tarehe 17 Oktoba 2022 inaruhusu watu wenye miaka 18 na zaidi, wanaohisi wamepungukiwa usikivu kwa kiasi kidogo au cha wastani, kununua visaidizi bila agizo la mtaalamu. Jimbo haliwezi kudai leseni kwa sababu tu mtu anaviuza hivyo. Kwa mtoto hali ni tofauti kabisa: bado anahitaji mtaalamu, na anayemuuzia mzazi kifaa cha dukani kwa ajili ya mtoto amekosea.

Naweza kuomba kuwa mjumbe?

Ndiyo, na viti vya umma mara nyingi hukosa watu. Maombi ya kiti cha gavana hupelekwa ofisi yake ya uteuzi. Ya viti vya bunge, kwa Spika au Kamati ya Kanuni. Utatangaza mali na biashara zako kwa fomu ya hadharani kila mwaka, na utasoma makabrasha ya mamia ya kurasa kabla ya kila mkutano. Mzazi aliyelea mtoto kiziwi, au mtu mwenye kigugumizi, analeta mezani kitu ambacho wenye leseni hawana. Kabla ya kuomba, hudhuria mikutano miwili ukiwa msikilizaji, usome kumbukumbu za mwaka uliopita, kisha andika katika ombi lako ni jambo gani hasa ulilolikuta humo unalotaka kulishughulikia.